Gramu 1,150: nilivyojifunza kushukuru nikiwa wodi ya watoto njiti

Shalom wapendwa. Na assalam aleikum pia, maana kwenye haya ninayoandika yupo mama mmoja wa Kiislamu ambaye bila yeye nisingekuwa na cha kusimulia.

Mimi ni mwalimu wa hisabati shule ya msingi, naishi Dumila pale njia panda ya Kilosa na Turiani, mume wangu analima mpunga. Mwezi wa 10 mwaka 2022 nilikuwa na mimba ya wiki 30, mimba ya kwanza baada ya miaka 4 ya kungoja ndani ya ndoa, kwa hiyo mnaweza kuelewa ilivyokuwa inaombewa. Wanakwaya wenzangu waliomba, mama mkwe alifunga, mwinjilisti wa mtaa wetu kila Jumatano alikuwa anapita nyumbani. Na mimi niliamini kabisa kwamba hii mimba imeshakabidhiwa, hakuna kitu kitaigusa.

Nianze na kosa langu maana ndo sababu kubwa ya kuandika. Miguu ilianza kuvimba, ile ya kwamba ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Walimu wenzangu wakasema ni kawaida, mmoja akasema huyo ni mtoto wa kiume. Halafu kikaja kichwa, hapa mbele juu ya macho, kinauma mchana na usiku na Panadol haikigusi. Siku ya tatu nikiwa naandika ubaoni nikaanza kuona vitu kama vimulimuli vinapita mbele ya macho. Ulikuwa mwezi wa upimaji wa darasa la nne, watoto wangu walikuwa bado hawajakaa vizuri kwenye hesabu za sehemu, nikajiambia nimalize nao kwanza ndo niende kliniki. Nikawa naweka mkono kichwani naomba, nakemea, nalala. Siku 4 nzima. Ndani yangu nilikuwa naona kwenda hospitali ni kama kumwambia Mungu sijakuamini. Na niseme ukweli, hakuna aliyenifundisha hivyo, mchungaji wetu hajawahi kuhubiri mtu asitibiwe, ni kitu nilikijenga mwenyewe kichwani nikakiita imani.

Usiku wa Alhamisi mume wangu aliwasha taa akaniona uso umejaa, macho yamekuwa madogo, hakuuliza kitu akatoka kwenda kutafuta gari ya kukodi. Kituo cha afya wakapima presha 180 kwa 115, mkojo una protini, nikachomwa sindano ya magnesiamu ambayo inauma sijui nielezeje, na nyingine ya kukomaza mapafu ya mtoto, nikapandishwa gari la wagonjwa kwenda Morogoro mjini. Daktari alinielewesha kwamba hiyo ni presha ya mimba na ikiachwa inaleta kifafa cha mimba, mama anaweza kufa na mtoto akafa, na kitu pekee kinachoimaliza ni mtoto kutoka. Walitamani kusubiri saa 48 ili sindano ya mapafu ifanye kazi yake, presha ikakataa kushuka. Ijumaa tarehe 28 Oktoba jioni nikafanyiwa operesheni.

Dada zangu mnaosoma mkiwa na mimba, nawaomba sana: kichwa kisichosikia dawa, macho kuona nyota au ukungu, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, hayo usiyalalie. Nenda siku hiyohiyo, hata kama kliniki yako ni wiki ijayo. Omba ukiwa njiani, Mungu anasikia hata ukiwa juu ya bodaboda.

Mtoto alikuwa na gramu 1,150. Chukua kilo moja ya sukari uongeze vijiko kadhaa, ndo huyo. Na mimi sikwenda kumwona. Siku ya kwanza nilikuwa siwezi, siku ya pili sista akaja, "mama nyanyuka ukamwone mwanao," nikasema mshono unauma, na ulikuwa unauma kweli lakini sio sababu. Sababu ni kwamba nilijiambia nikimwona nitampenda halafu atakufa. Mume wangu ndo aliyekuwa anaenda, anarudi ananiambia anapumua, ana oksijeni, ana mpira puani wa kulishiwa, mimi nageukia ukutani. Jina pia nilikataa kumpa. Kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye mashine ya joto paliandikwa tu "mtoto wa" na jina langu.

Siku ya tatu nikaenda, nimeshikiliwa. Alikuwa amelala ubavu, ngozi nyembamba mishipa yote inaonekana, na sikio lake la kushoto lilikuwa limejikunja limebaki hivyohivyo kama jani dogo lililokunjwa kwenye kitabu, maana sikio la njiti bado laini halirudi lenyewe. Sista akapitisha mkono kwenye kile kidirisha, akalikunjua kwa ncha ya kidole taratiiibu, akalilaza vizuri. Kisha akaendelea na kazi zake. Mimi nikalia pale nimesimama mpaka nikaletewa kiti. Huyu mtu ana watoto 14 kwenye chumba na ameona sikio la wangu.

Hapo ndo nilipoanza kukamua maziwa, na nimechelewa siku mbili, hilo ni kosa lingine. Mwenzangu ukijifungua njiti anza kukamua mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache kama hali yako inaruhusu, hata kama yanatoka matone. Yale ya mwanzo ya njano yanavutwa na sirinji hata yakiwa nusu mililita, usiyadharau. Kamua kwa mkono kila baada ya saa 3, na usiku usiruke, ukiruka usiku yanapungua. Osha mikono kwanza, weka kitambaa cha uvuguvugu kwenye ziwa, na kama unaweza kaa karibu na mtoto umwangalie, hili sikuliamini mpaka nilipoona mwenyewe nikikamua wodini yanatoka 5 na nikikamua pembeni yake yanatoka 12. Wangu alianza na mililita 3 kwa mlo. Tatu. Nilikuwa naziangalia zikishuka kwenye ule mpira kama mtu anayeangalia mvua ikija shambani.

Uzito ukaanza kushuka. 1,115. 1,080. Siku ya saba 1,035. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba mtoto yeyote hupungua siku za mwanzo, na njiti anaweza kupoteza asilimia 10 na zaidi kabla hajaanza kupanda, kwa hiyo mimi nilijua tu anakwisha. Ndo usiku ule ndugu yetu mmoja akaniunganisha kwa simu na mtumishi ambaye simjui. Akaniambia kuna roho ya mauti imemshika mtoto na inatakiwa sadaka ya kuivunja, 150,000. Nikatuma. Ilikuwa ni pesa ya chakula changu cha wiki mbili na nauli za mume wangu. Baada ya siku mbili ikaja chupa ndogo ya mafuta nimpake mtoto mwili mzima, nikaficha kwenye kanga nikaingia nayo. Sista akaniona nafungua. Hakunipigia kelele. Alinishika mkono tukatoka nje akaniambia, "mama, ngozi yake bado haijafunga, ukimpaka kitu kisichojulikana unamwingizia wadudu kwenye damu, njiti wengi tunawapoteza kwa wadudu. Muombee. Lakini mikono iwe mitupu na misafi."

Maneno hayo nimeyashika mpaka leo. Siwasemi watumishi wote, wetu alikuja Morogoro kwa basi mara 3 kwa nauli yake, akasali akaondoka hajaomba hata maji. Ila anayekupigia usiku akijua una hofu na anataka pesa ndo aombe, mkatie simu.

Sasa niwaeleze kuhusu daftari. Jumatano moja mwinjilisti aliponipigia alinisomea Yakobo 1:2, "Ndugu zangu, hesabuni ya kuwa ni furaha tupu, mkiangukia katika majaribu mbalimbali." Nilikasirika. Nikamwambia samahani baba nesi ananiita, nikakata, kumbe hakuna aliyeniita. Furaha tupu ya nini, mwanangu ana mpira puani? Nikakaa na hasira ile mpaka usiku, na usiku nikiwa nakamua saa 9 lile neno likanirudia, hesabuni. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kuhesabu hakuhitaji ujisikie vizuri, unahesabu hata ukiwa na homa. Halikusema jisikieni furaha, lingesema hivyo ningekuwa nimeshindwa siku ya kwanza. Lilisema hesabuni.

Nikatoa daftari la mistari, nikapiga safu mbili kama za mahudhurio. Safu moja gramu za leo, safu nyingine kitu kimoja cha kushukuru cha leo, lakini kiwe kimetokea kweli na nimekiona. Sikuruhusu kuandika "uzima" au "neema" kwa sababu hayo ningeyaandika kwa mazoea. Ninalo hapa, nanukuu: "1,040. Sikio halijajikunja leo." "1,050. Maziwa 15." "1,050. Mume kaleta ndizi za kupika kwa dada wa Msamvu, zilikuwa za moto." "1,045. Leo sina." Hiyo ya mwisho ilikuwa siku aliyoacha kupumua, akawa wa bluu midomoni, sista akamchezea unyayo kwa nguvu mpaka akavuta pumzi, na mimi niliandika sina, nikafunga daftari. Kesho yake nikaona nikaongeza kwa chini: "sista alikuwa karibu." Basi ikawa hivyo.

Siku ya tisa niliruhusiwa kuanza kangaroo. Sista alitusimulia kwamba njia hii ilianzia Bogotá nchini Colombia mwaka 1978, mashine za joto zilikuwa hazitoshi watoto wakawa wanafungwa kifuani kwa mama zao, na kumbe kifua kikaonekana ni dawa. Mtoto anabaki na pampasi, kofia na soksi tu, anawekwa kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeuzwa pembeni njia ya hewa iwe wazi, halafu unafungwa kitenge kwa kukaza. Tuliambiwa tukae nao hivyo masaa mengi iwezekanavyo, usiku na mchana, unalala umeegemea mito. Mgongo unauma jamani, joto, jasho, lakini ile siku ya kwanza alipowekwa akafanya kama kuhema kwa nguvu mara mbili halafu akatulia, nikasikia moyo wake unakimbia juu ya moyo wangu, na Zaburi 139 ikaja yenyewe: "Macho yako yaliniona kabla sijakamilika." Nimeiimba hiyo tangu Sunday school sikuwahi kujua inasema kuhusu nani.

Jioni hiyo nilimpa jina. Na jina likatusaidia hata kwenye makaratasi, maana tulikuwa tumechelewa kuchukua tangazo la kizazi na kumwingiza mtoto kwenye bima kwa sababu ya mimi kukataa kumpa jina, kipimo kimoja tukakilipia mfukoni. Usifanye hivyo. Mpe jina siku ya kwanza. Hata kama ataishi siku moja, ni mtoto wako.

Mume wangu naye alifunguliwa shati akabebeshwa. Mwanzoni mikono ilikuwa inamtetemeka, halafu akawa anamhadithia mambo ya shamba, maji ya mfereji, ndege wanaokula mpunga, dakika 40 anaongea na mtu wa kilo moja. Akina baba msiogope, kifua chenu nacho kina joto, na mkeo anapata muda wa kuoga.

Kitanda cha jirani alikuwa mama mmoja wa kutoka upande wa Turiani, ana pacha, mmoja gramu 1,300 na mwingine 1,050. Tukawa kama dada. Yeye kila mlo ukishuka vizuri, Alhamdulillahi. Ukirudi kwa kutapika, anafuta, Alhamdulillahi. Alikuwa anaamka kuswali usiku mimi nimelala na kitenge changu, nikishtuka namwona kwenye kanga yake pale pembeni ya kitanda amekaa anaswali kwa kukaa kwa sababu ya mshono.

Jumapili tarehe 13 Novemba asubuhi mwanangu alipanda mzani ukasoma 1,150. Yaani amerudi pale alipoanzia, siku 16. Nilipiga simu kwa kila mtu. Na jioni ya siku hiyohiyo yule pacha mdogo wa mwenzangu akafariki.

Sikujua nifanye nini na furaha yangu. Nililificha daftari chini ya godoro, kweli, niliona aibu nalo. Walimpa mtoto amshike, akamshika kwa muda mrefu, mume wake akaja na ndugu wawili wakamchukua kwenda kumzika, na ilipofika saa 3 usiku yule mama akanyanyuka, akaosha mikono, akakaa akaanza kukamua maziwa ya yule aliyebaki. Machozi yanashuka mpaka kwenye mikono anafuta na bega ili yasiingie kwenye kikombe. Asubuhi akaniuliza, "Wako leo kasoma ngapi?" Nikamjibu kwa sauti ya chini 1,170. Akasema Alhamdulillahi. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza dada unawezaje? Akanyamaza kidogo, akasema, "Nikiacha kushukuru, huyu aliyebaki nitambeba kwa moyo gani?"

Kuanzia siku ile niliacha kusema kwamba mwanangu aliishi kwa sababu niliamini. Watu wanataka niseme hivyo nikitoa ushuhuda, siwezi. Mwenzangu aliamini kuliko mimi, alianza kukamua mapema kuliko mimi, hakuchelewa siku 4 nyumbani kama mimi. Kwa nini wangu yupo sijui, na nimeacha kumuuliza Mungu kama vile ananidai au namdai. Ninachojua nilikihesabu kwa macho yangu: kidole cha sista, ndizi za moto, gramu 20 za leo. Na kulia nikajifunza kwamba hakuharibu shukrani. Nilikuwa nadhani mtu wa imani akilia amepungukiwa, nikawa najibana nacheka mbele ya wageni wa kanisani halafu maziwa yanakauka. Lia, mwenzangu. Mama yule alikuwa analia na kushukuru kwenye pumzi moja.

Tarehe 17 Novemba ni siku ya watoto njiti duniani, wauguzi wakavaa zambarau, akaja mama mmoja na mvulana wa miaka 6 aliyezaliwa na gramu 900. Alikuwa anakimbia kwenye korido anaambiwa asikimbie hasikii. Akina mama wodi nzima tulikuwa tunamwangalia yule mtoto anavyokosa adabu tunatokwa na machozi ya raha.

Tulitoka Alhamisi tarehe 15 Desemba, siku 48, gramu 1,855. Bima ilibeba sehemu kubwa ya matibabu lakini pesa ilitoka, niliandika zote: gari la usiku ule, nauli za mume, chakula, pampasi, vocha, chumba cha mama mkwe alipokuja kunisaidia, na ile 150,000, jumla 1,340,000. Mume wangu aliuza magunia 6 ya mpunga aliyokuwa anayasubirisha bei ipande. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa siku 84 na 48 ziliishia wodini, nikarudi kazini mtoto akiwa bado mdogo wa mwili kuliko mtoto wa siku moja aliyetimia. Nashukuru mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, mama wa njiti sasa anaongezewa muda, kwa hiyo ulizia mapema kwa mwajiri wako na uwe na barua ya daktari. Mkitoka msiruke miadi ya kupima macho, njiti anaweza kupata shida ya retina na ikiwahiwa inatibika. Na umri wake usimlinganishe na wa jirani, ondoa zile wiki alizowahi, wangu aliwahi wiki 10, akatembea na miezi 16 na yuko sawa kabisa.

Tulitoa shukrani kanisani mwezi wa pili. Tulipeleka mchele na mayai, mchungaji akanipa kipaza sauti niseme neno, na nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu ikapotea yote. Nikafungua daftari nikaanza kusoma namba. 1,150. 1,115. 1,080. 1,035. Kanisa kimya. 1,040. 1,050. 1,050. Nilipofika 1,150 ya pili mama mkwe akapiga kigelegele peke yake, halafu wengine. Sikusoma mpaka mwisho.

Baada ya ibada nje pale wakinadi vitu, binti mmoja wa kwaya ana mimba ya miezi 7 akanivuta pembeni ya ukuta, akainua gauni kidogo akanionyesha miguu. Akabonyeza na kidole, likabaki shimo. "Na kichwa?" Akasema kinauma tangu jana. Tukaacha kila kitu pale mnadani, tukapanda bodaboda mpaka kituo cha afya, mimi na mtoto kifuani. Presha yake ilikuwa 120 kwa 80, mkojo safi, akaambiwa apumzike, ainue miguu na arudi Alhamisi. Tukarudi kwa miguu taratibu tunakula mahindi ya kuchoma.